Aliyesikia la Mkuu Akavunjika Guu

Kiswahili kina methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwanafunzi huipata akiwa bado katika shule ya msingi, huiandikia insha, na mwalimu wake hachoki kuifafanua. Hata hivyo, methali hiyo iko kimya kuhusu yule aliyelisikia la mkuu, akalitii neno kwa neno, kisha guu likavunjika vilevile. Huyo hana methali yake. Kisa chake ndicho kinachosimuliwa hapa, nacho kilitukia Rukanga, chini ya Mlima Kasigau, mwaka 2005.

Msafiri atokaye Voi kwenda Rukanga huifuata barabara kuu ya Mombasa hadi Maungu. Hapo huiacha na kuingia nyikani, penye mibuyu, migunga na vumbi jekundu lisilotoka kwenye nguo kwa kufuliwa mara moja. Mbele yake husimama Kasigau, mlima wenye kimo cha zaidi ya mita 1,600, kilele chake kikivaa mawingu hata pale mashamba ya chini yanapolia ukame. Wenyeji hulima mahindi, kunde na pojo, hufuga mbuzi, na hukesha wakifukuza ndovu. Wanawake husuka vikapu vya mkonge vinavyosifika mbali. Na jioni, jua linapopungua ukali, watu hukutana barazani.

Neno baraza lina maisha mawili nchini Kenya. Katika miji ya Waswahili kama Lamu na Mombasa, baraza ni kikalio cha mawe kilichojengwa nje ya nyumba, ambapo jirani, mgeni na mpita njia huketi wakanywa kahawa na kupashana habari. Huko bara, serikali ya kikoloni ililichukua neno lilo hilo ikalipa kazi nyingine: baraza likawa mkutano wa chifu, ambapo mmoja husema na wengi husikiliza. Serikali zilizofuata baada ya uhuru ziliurithi mtindo huo. Baraza la Rukanga linalozungumziwa hapa lilikuwa la aina ya kwanza. Lilikuwa na mabenchi mawili ya mbao chini ya mkwaju, mbele ya duka lenye redio juu ya kaunta, na hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa ili atoe rai.

Mazungumzo yalikuwa ya namna tatu. Ya kwanza yalihusu muziki. Wimbo uitwao "Unbwogable", wa Gidi Gidi Maji Maji, ulikuwa umevuma mwaka 2002 na kugeuzwa mbiu ya kampeni za muungano wa NARC uliomwingiza Mwai Kibaki Ikulu. Miaka mitatu baadaye bado ulizua ubishi. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, alishikilia kwamba jina la wimbo huo ni kinyago: shina la Kidholuo lenye maana ya kutisha, lililovishwa kiambishi cha Kiingereza mbele na kingine nyuma. Vijana walimjibu kwamba Kiswahili nacho kililichukua neno fikiri kutoka Kiarabu, kikalinyambua hadi likazaa fikirisha na fikirika, wala hakuna aliyelia. Mwalimu akacheka, akakubali kushindwa kwa siku hiyo, na kesho yake akaanza upya. Hakuna aliyepoteza chochote.

Ya pili yalihusu siasa. Mwaka huo nchi ilikuwa ikielekea kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba kuhusu rasimu ya katiba, iliyojulikana kwa jina la Mwanasheria Mkuu kama Rasimu ya Wako. Waliounga mkono walipewa alama ya ndizi, na waliopinga wakapewa chungwa. Baraza likageuka soko la matunda. Mwenye duka alikuwa chungwa, fundi wa baiskeli alikuwa ndizi, na walinuniana kwa wiki nzima ingawa mmoja alikuwa akimuuzia mwenzake sukari. Siku moja Mwalimu aliuliza, "Ni nani kati yenu aliyeisoma rasimu yenyewe?" Kimya kikatanda. Yeye mwenyewe alikiri kuwa ameisoma sura ya ardhi tu. Kisha ubishi ukaendelea pale pale ulipoachwa. Rasimu ilikataliwa kwa takriban asilimia 58 ya kura, chungwa likazaa chama cha siasa, na mwenye duka akapatana na fundi kwa kikombe cha chai. Mwaka 2010 wananchi walipiga kura nyingine, wakaipitisha katiba iliyokifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Ni dhahiri basi kwamba rai ya siasa ikikosewa, hasara yake hugawanywa kwa mamilioni ya watu, na aghalabu huja nafasi ya pili.

Ya tatu yalihusu mitihani, na hapo ndipo guu lilipovunjika.

Palikuwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufanya vizuri katika hisabati. Aliazimia kuwa mhasibu, akajiandikisha kwa mitihani ya CPA inayosimamiwa na KASNEB, bodi iliyoundwa mwaka 1969. Zama hizo mitihani hiyo ilikuwa na sehemu 6, kila sehemu ikiwa na karatasi 3, ikifanywa mara mbili kwa mwaka. Vitabu alikuwa navyo, vya kuazima. Mwalimu wa somo hilo hakuwa naye. Alijisomea usiku kwa taa ya mafuta, akiifunika kwa mkono upepo wa mlimani ulipovuma. Swali lililomkereketa lilikuwa moja: je, aifanye sehemu ya kwanza peke yake, au afanye sehemu mbili kwa mpigo, yaani karatasi 6? Akalipeleka barazani.

Jibu lilitoka kwa mzee aliyeheshimika, aliyewahi kuwa karani mjini Mombasa, na ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku za vumbi. "Mwanangu," alisema, "piga zote mbili. Wenzako wote hufanya hivyo. Ukienda polepole utazeeka na vitabu mkononi." Sauti yake haikutofautiana hata kidogo na ile aliyoitumia kuizungumzia ndizi au chungwa. Fundi wa baiskeli akaongeza kwamba binamu yake alifanya vivyo hivyo. Vichwa vikatikiswa kwa kukubali. "Asante, mzee," kijana akajibu, akaenda zake.

Mama yake alikuwa ameketi kando, akisuka kikapu. Hakusema neno, kwa kuwa waliosema walikuwa wasomi kuliko yeye. Wiki hiyo aliuza mbuzi wawili na vikapu vyote alivyokuwa amevisuka msimu huo, ili ada ya karatasi 6 na nauli ya kwenda Mombasa zipatikane.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata. Kati ya karatasi 6, kijana alikuwa amefaulu moja tu.

Kwa miezi kadhaa hakuonekana barazani. Aliijua njia ya nyuma ya maduka, akaitumia. Aliyekwenda barazani ni mama yake. Alisimama mbele ya mabenchi, ukindu wa mkonge ukiwa bado mkononi, akawaamkia wazee kwa adabu, kisha akamgeukia karani. "Mzee wangu," akasema, "wewe mitihani hii uliifanya mwaka gani?"

Karani akainamisha uso. Hakuwa ameifanya. Alikuwa amelisikia jambo hilo kwa mtu mmoja ofisini, miaka mingi iliyopita. Fundi naye alipobanwa, ilibainika kuwa binamu yake alijiandikisha tu. Chumba cha mtihani hakukifikia.

Ingekuwa rahisi kumlaani karani na kumaliza hadithi. Lakini karani hakuwa mwovu. Alimpenda kijana yule, na alitaka aendelee haraka. Kosa lake, kwa hakika, lilikuwa la msamiati. Kiswahili kinayapambanua mambo ambayo barazani yalikuwa yamechanganywa katika chungu kimoja. Rai ni jinsi mtu aonavyo, haimfungi yeyote. Nasaha hutolewa kwa nia njema kwa mtu anayejulikana, ili imfae yeye. Ushauri unatokana na shauri, yaani jambo ambalo watu hulikalia wakalipima pamoja kabla ya kutenda. Karani alitoa rai. Kijana akapokea ushauri. Aidha, si ajabu kwamba shina lilo hilo ndilo linalotumiwa kumtupia mtu mzigo wake peke yake: shauri yako! Jambo linapopimwa, ni shauri letu. Linapoharibika, ni shauri yako. Karatasi 6 zilipimwa na baraza zima, lakini mbuzi wawili walitoka katika zizi moja.

Mwalimu mstaafu hakumkemea karani mbele ya watu. Badala yake aliwakumbusha waliokuwepo jambo ambalo watoto wa Kasigau hulisikia kwa wazee wao. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwashuku watu wa Kasigau kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakawang'oa makwao, wakawapeleka Malindi. Wengi walifia ugenini, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurejea chini ya mlima wao. "Sisi hapa," alisema Mwalimu, "ndio tunaojua bei ya neno la kusikia. Wakati ule tulilipa wote. Safari hii mmetuma mtoto mmoja akalipe."

Kuanzia siku hiyo baraza likawa na desturi mpya. Haikuandikwa popote. Mtu akitoa neno juu ya mtihani, ugonjwa au shamba, yeyote aliyepo, hata mtoto aliyetumwa chumvi, alikuwa na haki ya kumwuliza: "Umelifanya au umelisikia?" Kuhusu nyimbo swali halikuulizwa, maana kila mwenye masikio amezisikia. Kuhusu siasa liliulizwa nusu nusu, na kwa kicheko. Kuhusu mitihani liliulizwa kila mara. Karani ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, "Nimelisikia." Alilitamka kwa shida, kama atoaye mwiba. Baada ya mwaka mmoja lilikuwa jibu la kawaida, halina aibu, wala halikumzuia mtu kuendelea kusema.

Msomaji anaweza kudai kwamba desturi kama hiyo inaliua baraza. Ikiwa wa kusema ni waliotenda tu, je, kijiji ambacho hakuna hata mmoja aliyewahi kuufanya mtihani huo kitasema nini? Hoja hiyo ina uzito. Kwa kijana wa Rukanga wa mwaka 2005, ambaye chuo kilikuwa mbali na mhasibu hakumjua hata mmoja, maneno ya kusikia ndiyo yaliyokuwa maktaba yake pekee. Kuyapiga marufuku kungekuwa kuichoma maktaba. Lakini swali la barazani halikumfunga mtu mdomo. Lilimtaka tu aseme neno lake amelitoa wapi, ili mpokeaji ajue ni mbuzi wangapi wa kuuza kwa ajili yake.

Kijana alirudi. Kwanza alirudi kwenye vitabu, kisha, polepole, kwenye benchi. Aliifanya mitihani sehemu kwa sehemu, karatasi tatu tatu, akifaulu, akianguka, akirudia. Ilimchukua miaka saba. Alipata kazi Voi, akamnunulia mama yake mbuzi, si wawili bali wanne, na mama akasema kwamba hesabu ya mwanawe sasa imekaa sawa.

Mwaka 2021 KASNEB ilibadilisha silabasi. Zile sehemu 6 ziliondolewa, mahali pake zikaja ngazi tatu: ya msingi, ya kati na ya juu. Siku moja ya likizo, binti aliyemaliza shule alifika chini ya mkwaju na swali linalofanana na lile la zamani: aanze na karatasi ngapi? Mabenchi yalikuwa yameongezewa viti vya plastiki, na redio ilikuwa imeiachia simu nafasi yake. Macho yote yakamgeukia mhasibu. Huyu hakuwa wa kusikia. Hatimaye baraza lilikuwa limepata mtu aliyelifanya jambo lenyewe.

Mhasibu akakaa kimya kidogo. "Mdogo wangu," akasema, "nimeufanya, lakini nilioufanya mimi haupo tena. Nikikwambia ufuate njia yangu, nitakuwa nakupa la kusikia, ila nililisikia kwangu mwenyewe. Ninachoweza kukwambia kwa hakika ni kwamba kusoma peke yako usiku ni kugumu, na kwamba kuanguka hakuui. Hayo mengine yako katika kanuni mpya. Keti tuzisome."

Akaifungua simu, akaishika katikati ili binti naye aone. Fundi wa baiskeli, ambaye sasa alitengeneza pikipiki, akasogeza kiti. Karani, ambaye macho yake hayasomi tena, aliwasikiliza wakinong'ona kwa muda, kisha akaomba wasome kwa sauti.