Wakala Aliyetukatalia

Mimi ni mkulima wa Mkuyuni, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, barabara ya kwenda Matombo. Nalima ndizi, nanasi na karafuu. Haya nawaandikia wazazi na walezi wenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita, ambao tayari wameshika mkononi karatasi ya chuo cha ng'ambo.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye anayekaa mbele linapozungumzwa jambo la shule, posa au shamba. Nafasi hiyo niliipenda kupita kiasi. Binti wa dada yangu alikuwa na akili darasani, nami nikaanza kumwita daktari tangu yuko kidato cha pili. Yeye mwenyewe sikumwuliza. Nilitaka siku moja watu waliobanana kwenye gari la Kiroka waseme mpwa wangu anasoma Ulaya.

Mei 2023 alifanya mtihani wa mwisho, mchepuo wa PCB. Kabla matokeo hayajatoka, kijana mmoja mjini Morogoro aliyejiita mshauri wa elimu alinionesha kwenye simu picha za hosteli yenye theluji. Alisema huduma yake ni bure, nilipie fomu tu. Nikalipa bila hata kuuliza jina la chuo linavyoandikwa. Julai matokeo yakatoka: Baiolojia C, Kemia D, Fizikia S. Nikampigia. "Usiwe na wasiwasi, mzee, huko hawaangalii," akasema. Neno lile lilinifurahisha.

Ada ilikuwa ya dola, na mimi ndizi nauza kwa shilingi. Nikakaa na mnunuzi mmoja tukapatana nimkodishe mikarafuu yetu kwa misimu kadhaa, anipe fedha kwa mkupuo. Mikarafuu ile ni ya ukoo. Dada yangu alisikiliza, akainuka kwenda kuchochea moto. Nilijifanya nimechukulia kimya chake kuwa ni ridhaa.

Mpwa wangu ndiye aliyesikia redioni habari za maonesho ya vyuo vikuu, yale ambayo Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, huyaandaa kila mwaka viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Akaniomba twende. Nilikubali kwa sababu nilidhani nitakikuta chuo chetu pale, nimpige picha.

Chuo hatukukiona. Tulisimama kwenye banda la mama mmoja, wakala wa vyuo vya nje. Aliipokea karatasi ya matokeo, akaisoma akifuatisha mistari kwa kofia ya kalamu, akasimama kwenye Fizikia.

"Mzee wangu, hii S mmeiona?"

"Tumeiona, dada. Tumeambiwa huko hawaangalii."

"Huko huenda wasiangalie. Huku tunaangalia."

Akatueleza polepole. Anayekwenda kusoma nje hutakiwa kupata kutoka TCU hati ya kutokuwa na pingamizi, ile wanayoiita NOC, na TCU humpima kwa vigezo vya hapa nyumbani. Udaktari unataka ufaulu kamili wa masomo yote matatu, na S haihesabiwi. Tena shahada ya nje lazima itambuliwe na TCU mtu akirudi. Isipotambuliwa, miaka na fedha vimekwenda.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo sikumwuliza yule kijana: yeye analipwa na nani?

"Na chuo. Mtoto akishasajiliwa, chuo kinanitumia kamisheni yangu. Na anayekwambia bure hujui analipwa na nani mpaka umwulize."

Kisha akamgeukia mpwa wangu. "Wewe unataka kusoma nini?"

Mtoto aliniangalia mimi kwanza. Nashukuru niliinamisha kichwa.

"Mikarafuu yetu inakauka kuanzia kileleni," akasema. "Nataka kujua sababu."

Yule mama akacheka. "Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, SUA, kiko palepale Morogoro kwenu. Hapa mmefuata nini?" Akageuza kipeperushi chake mwenyewe, akaandika nyuma yake: shahada ya kwanza SUA, aombe mkopo Bodi ya Mikopo, HESLB, nje aende kwa uzamili, maana ufadhili mwingi uko ngazi hiyo, kama ule wa Jumuiya ya Madola au wa shirika la DAAD la Ujerumani. DAAD kwa kozi zake za maendeleo hutaka angalau miaka miwili ya kazi, kwa hiyo asikimbilie. Atunze GPA, wahadhiri wamfahamu kwa kazi yake. Nikauliza gharama. Akasema hakuna, kwa sababu hajatuuzia kitu.

Nisiseme nilibadilika palepale. Kwenye basi la kurudi stendi ya Msamvu, Morogoro, nilikuwa na hasira, kwa kuwa nilikwishatangaza. Kijijini wakauliza anaondoka lini. Yule kijana naye akawa anapiga kila siku: nafasi inakwisha, tuma nusu. Usiku mmoja nilikaribia kutuma. Sijui hata leo ni nini kilichonizuia, namshukuru Mungu tu. Asubuhi nilikwenda kumwambia mnunuzi kuwa mikarafuu haikodishwi, kisha nikamwomba dada yangu radhi mbele ya wazee, jambo ambalo mjomba halizoei. Fedha ya fomu haijarudi.

Mpwa wangu aliingia SUA mwaka uleule, kilimo cha mimea. Yule mama bado anamsaidia kwa simu kujiandaa na maombi ya ufadhili, na bado hajatutoza. Barua ya maombi ya mpwa wangu ameirudisha zaidi ya mara moja. Hukata sifa zote, kisha anaandika pembeni: miti mingapi, mwaka gani, uliona nini. Juzi mpwa wangu alinipigia kuniuliza mikarafuu ya juu ya kisima ilianza kukauka lini. Nilikuwa sijui. Nikaenda kumwuliza dada yangu, maana yeye ndiye anayekumbuka.