Mkono Unaouma

Hapa Kolwezi, waganga wakija shuleni na masanduku yao ya baridi, kesho yake watoto huniuliza: “Mwalimu, ikiwa dawa ni nzuri, mbona mkono unauma?”

Ni kweli unauma. Mimi pia nimechomwa sindano nyingi, na usiku sikuweza kuulalia mkono ule. Asubuhi hata kuinua ndoo ya maji ilikuwa kazi. Basi sikieni sababu yake.

Ndani ya chanjo mna mdudu wa ugonjwa aliyeuawa au aliyedhoofishwa, ama kipande chake tu. Mwili hudhani adui ameingia. Askari wake, walio katika damu, hukimbilia mahali palipochomwa. Ndiyo maana mkono hupata joto na kuvimba kidogo. Wakati huo askari wanajifunza sura ya adui, ili siku akija kweli wamtambue upesi.

Zamani ndui iliua watu wengi sana. Watu wakachanjwa, na katika Kongo yetu ikakoma mwaka 1971. Mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Kumbe alifanya kazi hospitalini bila kuchanjwa! Baadaye alieleza mwenyewe kwamba aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Kisha akawa akiwasihi wazazi wakubali watoto wao wapewe chanjo ya polio, na alikuwa katika kazi hiyo alipokufa kwa malaria mwaka 2013.

Mkono ukiuma, weka kitambaa kilicholowa maji baridi. Usiusugue, wala usipake udongo au majani. Uchezeshe polepole, usiufiche kama bawa lililovunjika. Baada ya siku mbili au tatu maumivu huisha. Lakini wekundu ukizidi kuenea, au homa isiposhuka, waambie wazazi wakupeleke kwa mganga. Na ukishindwa kupumua vizuri baada ya sindano, sema papo hapo.

Wadogo zenu wakiwauliza kama sindano inauma, msiwadanganye. Waambieni inauma siku mbili tatu. Kisha wasimulieni habari za mpishi wa Merca.