Kisahani Kidogo Katika Ufuo Mpana: Kutafuta Kilichopotea, Kutoka Bamburi Hadi Mambrui

Anayesafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Mambrui aghalabu huhesabu safari yake kwa miji: Mtwapa, Kilifi, Gede, Malindi, kisha daraja la Mto Sabaki. Iko njia nyingine ya kuihesabu, nayo ni kwa mchanga. Bamburi mchanga ni mweupe, laini kama unga uliochekechwa, kwani asili yake ni matumbawe na magamba ya makombe yaliyosagwa na mawimbi, na mengine yaliyotafunwa na samaki aitwaye pono, akayatoa yakiwa vumbi. Malindi rangi huanza kugeuka. Ukishavuka Sabaki, mchanga huwa mzito, wa kahawia iliyokoza, na jua likiupiga humetameta kana kwamba umenyunyiziwa dhahabu. Si dhahabu. Ni mawe ya bara yaliyosagika, yakabebwa na mto ule uanzao nyanda za juu kwa jina la Athi, ukapita Tsavo kwa jina la Galana, ukafika kwetu kwa jina la Sabaki pamoja na mzigo wake wote.

Tofauti hii ya mchanga si jambo la kupendeza macho tu. Miaka hii vijana wetu wengi wameanza kutembea ufuoni na kigunduzi cha metali, ile fimbo yenye kisanduku juu na kisahani cha duara chini, wakitafuta pete, herufi za mikufu, vipuli na sarafu vilivyoanguka. Familia zimeanza kuwaendea kwa haja zao, na wengine wanauliza wanunue mashine ya namna gani. Watu hushughulika na bei na jina la kampuni, wakasahau swali lililo muhimu zaidi: kisahani kiwe na ukubwa gani, na kwa ufuo upi?

Kisahani hicho, ambacho mafundi hukiita koili, kina nyaya zilizoviringishwa ndani yake. Hizo hupeleka uga wa sumaku chini ya mchanga. Uga huo ukikutana na metali huamsha mkondo mdogo wa umeme ndani ya metali yenyewe, na mkondo ule hujibu. Jibu likirudi, mashine hulia masikioni. Basi kisahani kikubwa, tuseme cha inchi 13 au 15, hutuma uga mpana ushukao mbali, na kila kipitishwapo hufagia eneo kubwa. Kisahani kidogo cha inchi 6 hakishuki sana wala hakifagii sana. Kwa kipimo cha kukadiria tu, kitu cha ukubwa wa sarafu husikika hadi kina kinachokaribia upana wa kisahani chenyewe.

Mtu akisikia hayo hukimbilia kikubwa. Lakini kisahani kikubwa hutazama mchanga mwingi kwa wakati mmoja, na kila kilichomo ndani ya mchanga huo kitasema naye: kizibo cha soda, msumari, karatasi ya sigara, chumvi na madini. Pete ikilala shibiri moja kutoka kwa kizibo, kisahani kikubwa huzisikia sauti mbili kama moja, na mara nyingi kilicho kibaya ndicho kishindacho. Kisahani kidogo huzitenganisha. Tena huvisikia vizuri zaidi vitu vyembamba kama kipuli cha mtoto, ambavyo kikubwa huvipita kama havipo.

Kisha kuna maji yenyewe. Maji ya chumvi hupitisha umeme; kwa hiyo mchanga ulioloa maji ya bahari hujibu mashine kana kwamba ni metali. Mchanga mkavu ulio juu ya mstari wa mwani hauna tabu hiyo, na mashine yoyote ya kawaida yaweza kufanya kazi hapo. Ukishuka penye unyevu, mashine itumiayo masafa mamoja tu hupayuka. Panapo unyevu wa chumvi hutakiwa mashine itumiayo masafa mengi kwa pamoja, au ile itumiayo mipigo mifupi ya umeme. Kisahani nacho kiwe cha umbo la herufi D mbili zilizopeana mgongo, kwa kuwa uga wake ni mwembamba kama ubao wa msumeno na hauchanganywi upesi na ardhi. Na kwa anayeingia majini hadi magotini au kiunoni, sahani kubwa ni mateso: mawimbi huisukuma, maji huizuia, na mkono huchoka kabla ya nusu saa. Inchi 8 hadi 11 humtosha.

Kwetu sisi iko elimu nyingine ambayo hainunuliwi dukani, nayo ni elimu ya mwezi. Bamvua huja mwezi uandamapo na mwezi ukamilikapo. Katika ufuo wa Mombasa, siku za bamvua maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku ifuatayo maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo Idi ya Mfunguo Mosi, iangukayo mwezi uandamapo, daima huwa ni Idi ya bamvua: watu huteremka pwani alasiri, bahari ikiwa imejaa kabisa. Idi ya Mfunguo Tatu huangukia tarehe 10, karibu na maji mafu, na bahari siku hiyo haiji juu sana wala hairudi mbali. Mwenye kuijua kalenda yetu anajua pia ni mstari upi wa mchanga uliokanyagwa na watu, na ni saa ngapi utakuwa wazi.

Elimu hiyo niliiona ikitumika mwaka huu. Mama mmoja wa mtaa wetu alikwenda na wajukuu zake siku ya Idi ya Mfunguo Mosi katika ule ufuo wa umma wa Bamburi ambao vijana huuita Pirates. Alivua pete asipate kuipoteza majini, akaifunga pembeni mwa leso. Jioni fundo lilikutwa limelegea na leso ni tupu. Pete ile ilikuwa ya marehemu mama yake. Dhahabu nyingine zote za urithi alikwisha kuziuza, moja baada ya moja, kwa karo za wanawe. Hiyo aliiwekea ahadi ya kumvika mjukuu wake wa kwanza siku ya nikaha, na nikaha imebaki miezi miwili.

Mwana wa dada yangu ana mashine yenye sahani mbili, ya inchi 11 na ya inchi 6. Asubuhi ya pili ya Idi, kiasi cha saa nne, tulikuwa pale. Maji yalikuwa yamerudi mbali, na mstari wa mwani wa jana ulionekana wazi. Alianza na kisahani kikubwa ili apitie eneo upesi. Kikalia kila hatua. Ufuo uliokusanya maelfu ya watu kwa siku moja una vizibo kuliko kombe, na masikioni mwake, alivyosema, ilikuwa kama soko la Kongowea siku ya Jumamosi.

“Khala,” akaniambia, “hapa hapahitaji nguvu, pahitaji utulivu.”

Akafungua kikubwa, akafunga kidogo. Akapunguza ukali wa mashine, akamwomba yule mama aonyeshe alipoketi. Mama akajipimia kwa mnazi mmoja na kwa ngazi ya hoteli, akaonyesha. Tukakita vijiti vinne, tukavuta kamba, tukagawa mchanga mapande membamba kama matuta ya shamba. Kila pande alilipita polepole, kisahani kikikaribia kugusa mchanga, kila mpito ukifunika nusu ya uliotangulia. Na kila kilicholia kilichimbwa, hata kilicholia kwa sauti ya takataka, kwa sababu pete ya dhahabu na kile kipande cha alumini cha kufungulia kopo huimba takriban sauti moja. Anayechagua cha kuchimba kwa kuchoka ndiye aachaye dhahabu.

Baada ya vizibo 30 na zaidi, chujio la chuma likatoa pete. Mama akaishika, akaigeuza, akairudisha mkononi mwa kijana. “Si yangu, mwanangu. Yangu imechorwa ua.” Maji yakaanza kurudi, tukaondoka.

Kesho yake, saa tano kasorobo, katika pande la saba, pete yenye ua ikatoka mchangani, imelala ubavuni mwa kizibo cha soda. Kisahani kikubwa kilikuwa kimekwisha kupita juu ya mahali pale pale siku ya kwanza. Yule mama hakusema neno. Aliiosha kwa maji ya kunywa, akaivaa, akafumba kiganja.

Lakini ile pete ya kwanza ilikuwa imebaki nasi, na mwenye mashine hana budi kuijua hukumu yake kabla ya kuinunua mashine. Kiokotwa si mali ya aliyekiokota. Mafundisho ya Mtume wetu (rehema na amani zimshukie) katika jambo hili yanajulikana: mwokotaji akijue chombo chake na kifungo chake, yaani alama zake, kisha akitangaze muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukipita bila mwenyewe kutokea aweza kukitumia, lakini mwenyewe akija hata baadaye, hupewa haki yake. Kutangaza hufanywa sokoni na milangoni pa misikiti, si ndani ya msikiti, kwa kuwa ndani kumekatazwa. Na atangazaye hasemi alama. Husema tu “pete imeokotwa,” ili adaiye ndiye aitaje sifa yake. Pete ile imefungwa kitambaani, imeandikwa tarehe na mahali, na mwaka wake haujatimia. Kina mama watatu wamekwisha kuja kuiulizia. Hakuna aliyeitaja alama iliyo ndani yake.

Tuendelee sasa na safari hadi ng'ambo ya Sabaki, maana huko mambo hugeuka. Chukua sumaku ya spika kuukuu, ifunge katika mfuko wa nailoni, uiburure katika mchanga wa Mambrui. Chembe nyeusi zitang'ang'ania. Mchanga wa ukanda huo una madini mazito ya chuma na titani. Madini hayo yakichanganyika na unyevu wa chumvi, ndiyo ardhi ngumu kuliko zote kwa kigunduzi: chumvi humwita huku, chuma humwita kule. Kisahani cha inchi 15, ambacho katika mchanga mweupe wa Bamburi ulio safi kingeshuka mbali, hapa husikia kelele tupu. Kidogo hutazama mchanga mchache, kwa hiyo hukutana na madini machache, na mara nyingi kitu kidogo husikika hapa kwa inchi 6 au 8 kuliko kwa mara mbili yake.

Mambrui ina sababu nyingine ya kumtuliza mwenye fimbo. Huu ni mji wa kale wa Waislamu wa mwambao, wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kaure za Kichina. Mwaka 2010 wanaakiolojia wa Makavazi ya Taifa ya Kenya pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Peking walichimba hapa wakapata sarafu yenye tundu la mraba, ya enzi ya Mfalme Yongle wa China, aliyetawala kati ya 1402 na 1424. Sarafu moja ndogo. Lakini thamani yake haikuwa katika metali. Ilikuwa katika tabaka la udongo ilimolala na katika vigae vilivyolala nayo, ambavyo kwa pamoja huwaeleza wataalamu nani alifanya biashara na wazee wetu, na lini. Laiti ingetolewa kwa koleo na kijana mwenye haraka, ingebaki kipande cha metali kilichochakaa, kisicho na la kusema.

Ndiyo maana Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 haimruhusu mtu kuchimbua mambo ya kale bila leseni, na humtaka aliyekiona kitu cha namna hiyo atoe taarifa kwa Makavazi ndani ya siku 7, aeleze na mahali hasa alipokiona. Basi pete ya jana, tafuta. Sarafu ya karne zilizopita ikijitokeza, acha kuchimba, piga picha, kumbuka mahali, nenda katoe habari. Vivyo hivyo katika hifadhi za bahari, kama za Watamu na Malindi, usichimbe bila idhini. Na popote uonapo alama za kasa aliyepanda kutaga, pita mbali. Mashimo yote yafukiwe, na vizibo vyote vilivyochimbwa virudi nyumbani mfukoni, visirudishwe mchangani kumsubiri mwingine.

Kwa familia inayotaka kununua, ushauri ni mfupi. Kama ni mashine moja na kisahani kimoja, chagua inchi 9 hadi 11 chenye umbo la D mbili, kitakutosha ufuo mweupe, mkavu na wa unyevu. Ukiweza kuongeza cha pili, ongeza kidogo cha inchi 6, kwa ajili ya fuo za watu wengi na kwa mchanga mweusi wa kaskazini. Kikubwa kingoje: kazi yake ni ufuo mpana, mtupu, ambao dhoruba ya kusi imeukata mchanga wake wa juu. Na kabla ya yote, siku za kwenda pwani, dhahabu ibaki sandukuni. Fundo la leso halikuumbwa kushindana na bahari.