Msuli Usio na Jina la Mtaani

Kiswahili kina kisogo, ukosi, mtulinga, kwapa. Lakini ule msuli mpana unaotandaa sehemu ya juu ya mgongo hatujaupa jina la kueleweka mtaani. Vitabu vya tiba vinauita trapeziasi, jina lenye asili ya Kigiriki, kutoka neno la meza. Tuliosoma hisabati ya shule ya msingi tunaikumbuka trapeza. Wanaanatomia wa zamani waliona kitu kingine kabisa, kofia ya joho la mtawa iliyolala mgongoni, wakauita kukularisi. Mimi nikitazama pande zote mbili kwa pamoja naona kishada cha watoto: ncha moja kisogoni, mbili mabegani, ya mwisho kule chini kwenye pingili ya 12 ya kifua.

Nasumbuka na jina kwa sababu ya shangazi yangu wa Ngenge, Muleba. Akisema "mgongo unaniuma," mkono wake hauendi kiunoni. Unaenda ukosini, unateremka taratibu hadi begani, kisha anajikunja kutafuta pale katikati ya mabega ambapo haufiki. Yaani anauchora msuli wote. Zahanati waliandika "maumivu ya mgongo", wakampa vidonge, basi. Hakuna aliyemuuliza anabeba nini.

Anabeba maji. Wakati wa kupandisha dumu kichwani, msuli huu husaidia kuzungusha bapa la bega ili mkono upite juu. Dumu likishakaa kwenye ngata, nyuzi zake za juu husaidia kuituliza shingo.

Mwaka 1986 mwanasayansi wa Kenya, Geoffrey Maloiy, na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti unaotajwa hadi leo: wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila mwili kutumia nishati ya ziada. Wajaluo kichwani, Wakikuyu kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso. Habari tamu, na kila ikisimuliwa mwanamke wa huku anazidi kufanana na mashine. Hebu tupige hesabu. Kwa mwanamke wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Dumu la lita 20 likijaa, maji peke yake ni kilo 20. Na kilichopimwa pale ni oksijeni waliyotumia, si shingo ilivyoamka kesho yake.