Ngoma Zetu za Mwaka Uliokwisha



Mwaka ukiisha, watu huhesabu. Mwenye duka huhesabu franka zake, mkulima huhesabu magunia yake ya mpunga, padri huhesabu ubatizo na ndoa katika vitabu vya misioni. Sisi wa korali, hapa Kasongo, tumependa mara hii kuhesabu vitu ambavyo havikuandikwa katika kitabu chochote: michezo yetu, nyimbo zetu, na kazi za mikono tulizozifanya kwa furaha tu, bila kulipwa. Labda mtu atasema, ‘Hayo ni mambo ya kupoteza saa.’ Basi atusikilize kwanza.

Tulianza na Noeli. Vijana waliigiza kuzaliwa kwa Bwana wetu. Mavazi yao yalikuwa vikwembe vya mama zao, na taji ya Herode ilikatwa katika kopo la maziwa. Aliyecheza Herode ni fundi wa kinga, mtu mpole ambaye hajapata kumpiga hata mbuzi wake. Lakini alinguruma vizuri mno, hata watoto wadogo wakakimbia, na kwa wiki mbili hawakutaka kupita mbele ya mlango wake. Jirani zetu Waislamu walikuja kutazama pia, kwani hapa kwetu wako wengi tangu zamani za Tippu Tip, aliyekaa Kasongo katika miaka ya 1870. Siku zile zilikuwa za uchungu, siku za utumwa. Lakini wajukuu wa wale wote leo ni watu wa soko moja na kisima kimoja. Nasi wakati wa Maulidi tulikaa nje tukasikiliza kasida zao. Watu waliocheka pamoja jioni, asubuhi si wepesi kutukanana.

Kwaresima ilipofika, ngoma zilinyamaza. Mama zetu walikaa chini ya mwembe wakafuma kitambaa cha altare kwa uzi mweupe. Mwanzoni mama mmoja tu alijua kazi hiyo. Kufika Pasaka walikuwa wanane. Wazee walisuka mikeka na vikapu. Watoto, ambao hawangoji kufundishwa, walitengeneza motokari za waya na magitaa ya makopo. Ijumaa Kuu tuliigiza Njia ya Msalaba barabarani, na hata wauzaji waliacha kuita wateja mpaka tulipopita.

Lakini usiku wa Pasaka, katikati ya wimbo wa Utukufu, ngozi ya ngoma yetu kubwa ilipasuka. Tuliendelea kwa kupiga makofi. Kesho yake tukaulizana: nani atatuwambia ngoma nyingine? Hapo ndipo tulipoona shida yetu. Katika mtaa wetu hakuna aliyejua. Na wapigaji wetu watatu walikuwa wamekwisha kwenda upande wa Salamabila, kuchimba dhahabu. Hatuwalaumu, maana kijana anataka mahari, na shamba peke yake halimpi upesi.

Labda msomaji atashangaa: ngoma moja tu, na maneno mengi hivi! Lakini akumbuke ngoma ilipotoka. Jimbo letu la Kasongo lilipofanywa diosezi, mwaka 1959, Misa ilisomwa bado kwa Kilatini, na katika makanisa mengi ngoma ilibaki nje ya mlango. Mwaka wa mbele, 1958, Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Kamina, alikuwa amewapeleka waimbaji wake Ulaya na ile Misa iitwayo Missa Luba. Watu wa Ulaya walisikia Kyrie ikiimbwa pamoja na ngoma za Kongo, wakastaajabu. Kisha Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika barua ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, ulisema kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima na nafasi yake. Mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya desturi yetu, na tarehe 3 Julai 2022 Baba Mtakatifu Fransisko mwenyewe aliiongoza katika kanisa la Mtakatifu Petro, pamoja na Wakongomani wa Roma. Basi mlango umefunguliwa kabisa. Ingekuwa huzuni kubwa kama Roma ingeipokea ngoma, na sisi nyumbani tungekosa mtu wa kuichonga.

Katika korali yetu kuna jamaa mmoja iliyokimbia vita upande wa Kabambare. Walifika Kasongo mikono mitupu, lakini walileta nyimbo za kwao, na mwezi wa Mei walitufundisha wimbo wa Bikira Maria kwa mwendo wa ngoma ya kwao. Baba wa jamaa hiyo alituambia: ‘Kwetu yuko mzee mmoja fundi wa ngoma. Kama hajafa, atawasaidia.’ Mwezi wa Juni njia ilipokauka na habari za usalama zilipokuwa njema, watu wanne wa korali walikwenda kwa kinga. Safari ilikuwa ya siku mbili, na mahali pengi kinga ndizo zilizopanda watu.

Nchi ile ya Kabambare inajua mti tangu mababu. Sanamu walizochonga Babuyu ziko leo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na Wazungu wanalipa kiingilio wazitazame. Lakini yule mzee hakuwa na mwanafunzi hata mmoja. Tulimwamkia, tukamwonyesha franka tulizokusanya. Akazitazama, akasema: ‘Wanangu, franka hizi nitazila zikwishe, nami nitakwisha pia. Nileteeni kijana.’

Shule zilipofungwa, tulimpelekea vijana wawili. Waliona kwamba ngoma si gogo na ngozi tu. Gogo huchimbwa kwa tezo pole pole, kuta zake ziwe sawasawa pande zote. Kisha hukaushwa kivulini, siyo juani, lisije likapasuka. Ngozi hulowekwa, hunyolewa, huwambwa ingali mbichi na kukazwa kwa vijiti vya mti. Mwisho ngoma huotesha uso moto, na fundi hugonga, husikiliza, hugonga tena. Ngoma ya kwanza ya vijana ilipasuka. Mzee hakukasirika. Aliikata ikawa kuni, akapika nayo muhogo, wakala wote watatu, wakaanza nyingine. Hiyo ya pili ilikuja Kasongo juu ya kinga, imefungwa kama mgonjwa, nayo ililia katika Misa ya tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Maria kupalizwa mbinguni.

Mwezi wa Septemba mpigaji wetu mmoja alirudi kutoka machimboni na sanduku kubwa la muziki. Jioni watu walijaa lupangoni kwake. Rumba yetu ya Kongo ni nzuri, na mwaka 2021 UNESCO iliiandika kati ya urithi usioshikika wa wanadamu, hatutaisema vibaya. Lakini tuliona tofauti moja. Mbele ya sanduku lile watu walisimama, kila mmoja na mawazo yake. Batri ilipokwisha, kila mmoja akaenda kwake. Mbele ya ngoma mwenye sauti huimba, asiye na sauti hupiga makofi, mtoto hucheza, na kikongwe husahihisha wote. Hakuna asiye na kazi. Yule kijana mwenyewe aliiona ngoma mpya, akaigusa, akapiga mpaka giza likaingia. Amekwisha kurudi machimboni. Lakini kabla ya kwenda alifundisha watoto wanne mapigo yake.

Mwezi wa Oktoba tulipata habari kwamba mzee wa Kabambare amefariki. Tulimwombea Misa, na ngoma yake ililia. Tezo yake imo mikononi mwa mmoja wa wale vijana wawili, naye amekwisha kuanza gogo jingine nyuma ya nyumba ya baba yake.

Hiyo ndiyo hesabu yetu: mchezo wa Noeli, kitambaa cha altare, wimbo mmoja mpya, ngoma moja, na watu kumi na watatu waliojifunza kazi wasiyoijua. Nanyi, ndugu wapenzi, tazameni katika parokia yenu. Yuko nani anayejua kusuka, kufuma, kuchonga au kuimba jambo ambalo wengine hawalijui? Msingoje mpaka mkaimbe katika mazishi yake. Likizo ikifika, mpelekeeni mtoto.