Sekunde 40 Nilizokata Kwenye Video ya Queen

Niliijua Queen kabla sijajua kuna bendi inaitwa Queen. Darasa la tano, siku ya michezo, timu yetu imeshachapwa mbili bila, na sisi huku kando ya uwanja tunapiga miguu chini mara mbili, makofi mara moja. Dush dush, pa! Vumbi mpaka kwenye meno. Mwalimu wa zamu alidhani tumeitunga sisi. Hata sisi tulidhani tumeitunga sisi.

Nikiwa form two ndio nikasikia "We Will Rock You" kwa simu ya binamu yangu na nikashtuka kama mtu amekutana na jirani yake nchi ya mbali. Kumbe ni ya 1977. Kumbe mpiga gitaa wao, Brian May, aliiandika baada ya kuona mashabiki hawanyamazi kwenye shoo, wanaimba mwanzo mpaka mwisho, akaona heri awape kazi ya kufanya. Hakuna ngoma mle ndani. Ni miguu, makofi, sauti ya Freddie, halafu gitaa linaingia mwisho kabisa. Ndio maana ulitufikia bila redio na bila bando. Mtoto hana hata viatu na anaweza kuupiga.

Basi homa ikanishika. Wenzangu walikuwa wanaskiza Gengetone, mimi niko na earphone moja nzima na moja iliyokufa, naskiza wazee wanne wa Uingereza. Nilichekwa sana. Wimbo ulionimaliza ni "Bohemian Rhapsody", karibu dakika sita, hauna kiitikio, unaanza kama maombi, unageuka opera, unageuka vita. Katikati kuna neno la Kiarabu ambalo mtu yeyote wa Pwani husema kabla ya kula. Mwaka wa 1975 wakubwa wa muziki waliwaambia ni mrefu mno, hakuna redio itaupiga. Wakampa nakala rafiki yao mtangazaji, Kenny Everett, na jamaa akauchezacheza wikendi nzima mpaka watu wakaanza kuutafuta madukani. Ukakaa namba moja Uingereza wiki 9. Sisi tunaopanga leo video ya sekunde 15 kwa sababu eti watu hawana subira, hiyo stori inatuuma.

Sasa, mwaka jana nikatoa video yangu kuhusu Freddie Mercury. Mnaijua, wengi wenu mlikuja hapa kupitia ile. Farrokh Bulsara, amezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wazazi Waparsi, baba karani wa serikali ya wakoloni. Akapelekwa shule ya bweni India, akarudi Zanzibar, halafu Mapinduzi ya Januari 1964 yakatokea na familia ikakimbilia Uingereza. Alikuwa na miaka 17. Nikaiita "Mswahili Aliyeiteka Dunia". Ilivuka watazamaji laki moja, kwangu hiyo ilikuwa kama kushinda kombe.

Kichwa hicho kilikuwa cha kuvuta watu, wacha niseme ukweli. Freddie hakujiita Mswahili. Zanzibar aliitaja kwa nadra sana, na Zanzibar nayo haikumng'ang'ania. Mwaka wa 2006 kulipangwa sherehe huko ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe, na kikundi cha Kiislamu kikapinga vikali kwa sababu ya vile alivyoishi. Leo kuna jumba la makumbusho yake Mji Mkongwe, lilifunguliwa 2019, na watalii wanapiga picha mlangoni. Mtu anaweza kukataliwa na kuuzwa katika mtaa huo huo. Lakini mimi nilitaka "ni wetu", na "ni wetu" huuza.

Hiyo si dhambi yangu kubwa. Kubwa ni sekunde 40 nilizokata.

Nilikuwa nimeshasoma kuhusu Sun City. Oktoba 1984, wakati wa ubaguzi wa rangi Afrika Kusini, wanamuziki wengi duniani walikuwa wamekataa kwenda kupiga huko. Umoja wa Mataifa uliomba wasiende. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwakataza wanachama wake. Queen wakaenda. Sun City ilikuwa kasino ndani ya Bophuthatswana, eneo ambalo makaburu waliliita nchi huru ili waseme Waafrika wana kwao kwingine. Bendi ilijitetea kwamba wao si wanasiasa, wanapigia yeyote anayetaka kuskiza. Walipigwa faini na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa.

Nilirekodi hiyo sehemu, nikaiweka, nikaitazama mara mbili, nikaitoa. Niliona inaharibu ladha. Huwezi kusema "Mwafrika mwenzetu" dakika ya 3 halafu dakika ya 4 useme huyo Mwafrika mwenzetu aliimba kwa makaburu. Nikaruka moja kwa moja kutoka 1982 hadi Live Aid, Wembley, 13 Julai 1985. Dakika 21 hivi, watu zaidi ya 70,000 wanapiga makofi juu ya vichwa kwa pamoja kama shamba la mahindi kwenye upepo. Pesa zinachangwa kwa ajili ya njaa ya Ethiopia, jirani yetu hapa. Safi kabisa. Hakuna aliyejua kuna miezi 9 nimeificha.

Aliyejua ni anko wangu, kaka mkubwa wa mathe. Yeye haangalii vitu vyangu, anasema ni kelele, lakini hiyo alitumiwa na mtu kwenye grupu la WhatsApp la familia. Jumapili tukiwa kwao akaniuliza, kwa upole tu, akimenya chungwa: "Na Sun City umeiweka wapi?"

Nikasema nilikosa nafasi.

"Nafasi ya nani?" Akaendelea kumenya. Halafu akanieleza vile walivyokuwa wanafunzi miaka hiyo, vile walivyokuwa na kanda za Queen hostel na kuzitoa. Si kuzitupa, pesa hazikuwepo za kutupa kanda. Waliziba vile vitundu vya juu kwa karatasi na kurekodi mahubiri na rhumba juu yake. Alicheka aliposema hivyo, lakini hajawahi kurudi kuiskiza hiyo bendi. Miaka karibu 40! Mtu aliyekuwa shabiki kabla hata mathe hajafikiria kunizaa.

Nilijaribu kuwatetea. Nikamwambia mwaka wa 2003 Brian May na Roger Taylor walienda Cape Town kwenye tamasha la 46664, namba ya Mandela ya gerezani, kampeni ya kupigana na Ukimwi, na mzee mwenyewe aliwapokea. Anko akasema, "Mandela alisamehe wengi. Hiyo ni kazi yake. Wewe kazi yako ni kusimulia." Nikakosa la kusema. Nikala chungwa.

Na hapo kwa Ukimwi, kuna kitu sikuweka pia, ingawa hicho sikukikata, nilikiogopa tu. Freddie alitangaza kwamba anaugua tarehe 23 Novemba 1991, na kesho yake akafa. Miaka 45. Wenzake wakaanzisha Mercury Phoenix Trust ya kusaidia miradi ya Ukimwi. Kwetu sebuleni kuna picha ya shangazi yangu aliyekufa miaka hiyo hiyo ya tisini. Ukiuliza alikufa na nini, unaambiwa malaria, au kifua, inategemea unamuuliza nani. Nimekua nikiona hiyo picha kila siku. Nilijua Freddie alikufa na nini kabla ya kujua shangazi yangu alikufa na nini, na huyu wa pili hakuna aliyeniambia, nilijihesabia mwenyewe.

Mathe yeye amechukua kitu kimoja tu kutoka kwa Queen. Brian May alikuwa anasomea PhD ya astrofizikia Imperial College, akaiacha miaka ya sabini bendi ilipoanza kushika. Alirudi kuimaliza 2007, zaidi ya miaka 30 baadaye, utafiti kuhusu vumbi lililo kati ya sayari. Hiyo niliisema kwenye video kwa kujigamba, kama ushahidi kwamba kuacha chuo si mwisho wa dunia. Mathe akaskiza hadi mwisho akasema, "Umeskia lakini? Alirudi." Sasa kila nikilalamika kuhusu mtandao kutolipa vizuri, ananiuliza vumbi langu limefikia wapi.

Wiki jana nimepakia video upya na zile sekunde 40 ndani. Nimebadilisha kichwa, "Mswahili" nimeitoa. Ya zamani nimeishusha pamoja na laki yake. Kufikia leo asubuhi mpya ina watu 2,300, na wa kwanza kuandika ameniita msaliti, eti shabiki wa kweli haanikwi nguo chafu za bendi yake. Sijamjibu. Shabiki wa kweli ni nani, mimi au yule aliyerekodi mahubiri juu ya kanda aliyoipenda? Mimi bado naskiza. Jana usiku nimeskiza A Night at the Opera yote, taa zimezimwa, na ile sauti ya Freddie bado inanisimamisha nywele vile vile, haijapungua hata kidogo. Nilitarajia ipungue.

Anko nimemtumia linki. Tiki mbili za buluu tangu Jumatano, hajaandika kitu. Lakini mathe anasema alimpigia juzi kuuliza kama bado kuna mahali Nairobi wanatengeneza redio ya kanda.