Uzi Juu ya Tufe: Nilivyoitafuta Njia ya Ndege ya Mama



Wapenzi wasomaji, katika Ramadhani ya mwaka 2023 dada yangu alijifungua huko New York, na mama akawa anajiandaa kwenda kumtunza mzazi. Angeondoka Dar es Salaam usiku hadi Doha, kisha saa mbili asubuhi apande ndege ya pili ya kwenda New York, safari ya saa 14 hivi.

Mama yangu ana vidonda vya tumbo, lakini alikwisha kata shauri. "Nitakula daku Doha na nitafunga. Saa kumi na nne ni nini? Hapa Tanga si tunafunga zaidi ya kumi na tatu?"

Nilihisi hesabu ile ina kasoro, ila sikujua iko wapi. Nikaona kwanza nijue ndege inapita wapi.

Nilianza na ramani ya ukutani. Niliweka rula kutoka Doha hadi New York, nayo ikapita Misri, Libya, Aljeria na Moroko. Ustadhi wetu aliponiona alicheka. "Mwanangu, dunia si karatasi. Chukua uzi."

Tukauvuta uzi juu ya tufe la dunia mpaka ukakaza. Subhanallah! Uzi ulipanda kaskazini: Iraq, Uturuki, Romania, Ujerumani, kaskazini mwa Uingereza, bahari ya Atlantiki, kisha ukashuka Kanada. Hiyo ndiyo njia fupi, ingawa kwenye ramani ya karatasi inaonekana imepinda.

Halafu nikachukua namba ya safari iliyo kwenye tiketi, nikaitafuta kwenye intaneti, na nikaona michoro ya safari za siku zilizotangulia. Kila siku njia ilitofautiana kidogo, kwa sababu wapangaji huangalia upepo na anga zilizofungwa, na njia kamili hukatwa saa chache kabla ya kuruka. Lakini zote zilipanda kaskazini kama uzi wetu.

Hapo ndipo nilipoiona kasoro. Kwenye ikweta mzingo wa dunia ni kama kilomita 40,000, kwa hiyo mchana unasogea magharibi kilomita 1,670 kwa saa, wala ndege ya abiria haiufikii. Kule juu, kwenye latitudo ya 55, duara ni dogo, na mchana unasogea kilomita 950 tu kwa saa. Ndege nayo inakwenda kilomita 850 hadi 900. Maana yake mama angekuwa anafuatana na jua! Imsaki ya Doha ilikuwa kama saa kumi alfajiri. Jua la New York lingezama saa moja na dakika ishirini hivi jioni, wakati Doha ni saa nane na ushei usiku. Funga yake ingekuwa zaidi ya saa 22.

Nilimpelekea mama hesabu ile kwa adabu, na ustadhi akamkumbusha kwamba msafiri ameruhusiwa kula, kisha alipe siku nyingine. Mama alinyamaza kitambo. Akasema, "Basi nitalipa."

Alipofika alipiga simu. "Mwanangu, lile jua lilikaa dirishani kama limefungwa kamba! Ningefunga, sijui ningefika vipi."

Kisha akauliza jambo jingine. Alikuta mswala wa dada umeelekezwa kaskazini mashariki, naye alidhani Makka iko kusini mashariki ya New York. Nikaurudia uzi wangu, mara hii kutoka New York hadi Makka. Ulitoka kwa kuelekea kaskazini mashariki. Dada hakukosea. Sisi wa Tanga tunaelekea kaskazini, kwa kuwa Makka iko karibu juu yetu kabisa, basi hatujapata kujiuliza.

Wanafunzi wenzangu, tusione somo la jiografia ni la mtihani tu. Mama alikuwa na nia njema, lakini hakuijua njia, na nia bila ya elimu ilitaka kumuumiza. Uzi wa kushonea na tufe la darasani vilitosha kutuonyesha.